Sakafu ya Boksi Huozea Chini

Wateja wanaofika karakana yetu Ndeeba, kando ya barabara ya Masaka, huwa wameshaamua. Mmoja anataka mvule kwa sababu lori la baba yake lilikuwa na mvule. Mwingine anataka chuma kwa sababu jirani ameweka chuma. Wa tatu ameona plaiwudi nyeusi inayotumika kumwagia zege kwenye maghorofa, imemvutia kwa kung'aa, basi anaitaka hiyo hiyo kwenye gari. Kabla sijatoa futi mfukoni, huwauliza maswali mawili: gari litabeba nini, na chini ya sakafu kuna nini? La kwanza hulijibu kabla sijamaliza kuuliza. La pili huwakuta hawajalifikiria, na ndilo lenye pesa.

Nasema hivyo kwa sababu sakafu nilizong'oa zikiwa zimelika kwa juu ni chache. Nyingi juu huwa bado ngumu na rangi ipo, lakini ukiingia chini ya gari na bisibisi, ncha inazama ndani ya mbao hadi kwenye mpini. Mzigo huichakaza sakafu, ila kinachoiua ni maji. Nayo yana njia mbili: yale yanayorushwa na matairi kutoka barabarani, na yale yanayopenya kwenye maungo kisha yakakaa humo bila kukauka. Anayechagua sakafu kwa kutazama upande wa juu peke yake amechagua nusu ya sakafu.

Ufundi huu nilianzia Changamwe, Mombasa, kwenye matrela, kabla sijahamia Kampala. Mombasa tulipigana na chumvi ya bahari. Huku tunapigana na mvua za Machi hadi Mei, kisha za Septemba hadi Desemba, pamoja na matope mekundu ya murramu yanayoganda chini ya gari na kutunza unyevu kwa siku kadhaa hata baada ya jua kuwaka.

Boksi linalokuja na boksi linalozaliwa hapa

Malori mengi ya boksi unayoyaona Nakawa, Kalerwe au yakisukumana kuingia Owino ni Isuzu Elf, Isuzu Forward, Mitsubishi Canter na Fuso Fighter yaliyotumika Japani, yakashuka bandarini Mombasa na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi Kampala. Mengine huja na boksi lake la Kijapani la alumini. Mengine huja chesisi tupu au yenye bodi ya wazi, na boksi linajengwa hapa, Katwe au Ndeeba, kwa vyuma, mabati na mbao zetu.

Boksi la Kijapani mara nyingi huwa na sakafu ya mbao ngumu za Kusini Mashariki mwa Asia, za jamii ya keruing, miti yenye utomvu mwingi. Utomvu huo ndio unaozisaidia kukataa maji. Ukilipata boksi la namna hiyo na mbao zake bado nzima, usimruhusu fundi yeyote akushawishi kuzing'oa ili akuwekee plaiwudi mpya. Ziba maungo, paka chini rangi, endelea na biashara. Hapa mjini mbao ya kuipita hiyo kwa bei nafuu ni shida kuipata.

Boksi linalojengwa hapa ndilo lenye maamuzi mengi, kwa kuwa kila kitu kiko mikononi mwa fundi na mwenye gari.

Anza na mifupa

Juu ya chesisi hulala vyuma vya kukatiza upana wa gari. Sisi mafundi tunaviita krosimemba. Sakafu hulala juu yake. Unene wa sakafu hauna maana yoyote mpaka ujue vyuma hivyo vimeachana kwa umbali gani.

Kanuni yenyewe haijali fundi ni nani. Mzigo unapokaa kwenye nukta moja, kama gurudumu la toroli, kupinda kwa ubao hukua kwa mchemraba wa umbali kati ya nguzo zake. Ukipanga krosimemba kila sentimita 60 badala ya 30, plaiwudi ile ile chini ya gurudumu lile lile itapinda mara nane zaidi. Unene nao hufanya kazi kwa mchemraba: ukitoka milimita 12 hadi milimita 18, sakafu inakuwa ngumu kupinda zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo mwenye gari anayeweka krosimemba chache ili aokoe chuma, kisha akanunua plaiwudi nene ili sakafu isinese, analipa kitu kimoja mara mbili.

Watengeneza kontena za meli walilimaliza suala hili zamani. Krosimemba zao huachana takriban sentimita 30, na juu yake huwekwa plaiwudi ya mbao ngumu yenye unene wa milimita 28. Jaribio la kimataifa la sakafu hiyo ni kupitisha juu yake kigari chenye ekseli moja iliyobeba kilo 7,260. Kontena halipewi daraja kwa kubeba magunia yaliyotulia. Hupewa daraja kwa kuvumilia gurudumu la foklifti, kwa sababu gurudumu dogo gumu huumiza sakafu kuliko tani kadhaa zilizotandazwa vizuri.

Kuna sababu nyingine ya kujali kupinda. Sakafu inayonesa hufungua maungo yake. Gundi ya kuziba hupasuka, skrubu hulegea, matundu yake hupanuka, na maji hupata mlango. Ndiyo maana nikiona krosimemba zimeachana sana huwa siendelei na habari za mbao. Kwanza tunaongeza vyuma. Tunavipaka redi oksaidi pande zote, pamoja na upande wa juu ambao sakafu itaukalia, kwa sababu hapo ndipo kutu huanzia na hapo ndipo brashi haitafika tena.

Plaiwudi: soma ukingo, usisome jina

Kwa mizigo mingi ya Kampala, yaani mikate, soda, sabuni, nguo za mitumba, vyombo vya kuhamia nyumba, plaiwudi ya milimita 18 juu ya krosimemba za sentimita 30 hadi 40 inatosha. Tatizo ni kwamba dukani kila plaiwudi inaitwa "marini". Uingereza wana kiwango chao cha plaiwudi ya vyombo vya majini, BS 1088, kinachodai gundi isiyoachia maji na tabaka za ndani zisizo na mapengo. Sehemu kubwa ya mbao zinazouzwa hapa kwa jina hilo ni plaiwudi za kumwagia zege. Si mbaya zote, ila jina halikuhakikishii chochote.

Mimi hufanya hivi. Kwanza natazama ukingo wa ubao. Tabaka zikiwa sawasawa na zimebanana, vizuri. Nikiona mapengo meusi ambapo tabaka moja limekatika na jingine halijalifikia, narudisha, kwani pengo hilo litakuwa bwawa la maji. Pili naangalia mstari wa gundi. Gundi ya fenoli, inayostahimili maji, kwa kawaida ni ya rangi ya kahawia iliyoiva au nyeusi. Gundi ya yurea ya samani za ndani ni nyeupe, karibu haionekani. Tatu, namwomba mwenye duka kipande kilichokatika, nakipeleka kwa mama anayetupikia chai hapo karakana, kinachemka sufuriani saa kadhaa. Kikitoka kimeachana kurasa kurasa, hiyo ni mbao ya kabati la chumbani. Kikitoka kimekamatana, tunarudi dukani kununua.

Ngozi nyeusi ya plaiwudi za kumwagia zege huzuia maji kuingia kwa juu, ila ikilowa huteleza. Taniboi aliyebeba kreti mbili za soda hahitaji sakafu ya kutelezea. Iko aina yenye alama za wavu zilizokandamizwa juu yake. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa boksi, na upande wenye wavu utazame juu.

Jambo la mwisho kuhusu plaiwudi ni mwelekeo. Ubao wa kawaida una urefu wa milimita 2,440 na upana wa 1,220, na nyuzi za uso wake kwa kawaida hufuata urefu. Nyuzi hizo zinapaswa kuzikata krosimemba, yaani urefu wa ubao ufuate urefu wa gari. Ukiulaza kinyume, umenunua ubao wenye nguvu na kuutumia upande wake dhaifu.

Mbao za vipande

Ndeeba ni soko la mbao, kwa hiyo kila mteja akitoka kwangu hupita katikati ya marundo ya kalitunsi (mkaratusi), payini, musizi na mvule. Mvule unastahili sifa zake: mgumu kiasi, haukubali mchwa, hauozi upesi. Umekuwa adimu na ghali, na mti wake huchukua miongo mingi kukua. Simlaumu anayeutaka, ila kwa pesa ya boksi zima la mvule unaweza kujenga mifupa imara, kuweka plaiwudi nzuri na kubaki na chenji ya matairi.

Payini ni laini. Gurudumu la toroli huiachia mfereji. Musizi ni mwepesi na unakauka vizuri, lakini kwa sakafu ya lori naukataa. Kalitunsi ni mgumu na uko tele, ila huuzwa mbichi. Ukiupigilia mbichi, utakauka ukiwa kwenye gari: utajikunja, utapasuka, na kati ya ubao na ubao zitafunguka nafasi za kuingiza kidole. Anayetaka kalitunsi na aununue, aupange kivulini kwa vijiti vya kupitisha hewa, asubiri miezi ya kutosha, ndipo aje. Wachache wana subira hiyo.

Kumbuka pia kwamba kuvu anayeozesha mbao haanzi kazi mpaka unyevu ndani ya mbao upite takriban asilimia 20. Mbao iliyokauka na ikabaki kavu haiozi, iwe mvule au payini. Mti bora unakununulia muda. Ukavu ndio unaokununulia maisha ya sakafu.

Na tafadhali, usiniletee mbao za nguzo za umeme. Nguzo zile za kijani hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na arseniki. Dawa hiyo ni nzuri kwa nguzo iliyosimama ardhini. Ndani ya boksi linalobeba unga na maharage haina nafasi, na shaba yake hula alumini na skrubu za chuma pindi unyevu unapoingia.

Chuma, na kosa la kufunika

Alikuja hajati mmoja anayesafirisha samaki kutoka mwaloni. "Fundi, mimi nataka chuma. Chuma hakiozi."

"Hajati, chuma hakiozi, kinaliwa na kutu. Na maji ya samaki wako yana barafu, damu na chumvi."

Alicheka, tukakubaliana mengine, nitayaeleza hapo mbele. Lakini watu wengi hawaji kuuliza. Wanampata mchomeleaji, anawafunika sakafu nzima kwa bamba lenye vinundu, lile la cheka pleti, juu ya mbao zilizokwisha kulainika. Kwa juu gari linapendeza. Chini, maji yanayopenya kwenye maungo ya bamba yamefungiwa kati ya chuma na mbao, hayana pa kutokea. Mbao zinaoza kwa kasi zaidi kuliko zilipokuwa wazi, na bamba linakula kutu kwa upande usioonekana. Mficha maradhi kilio humfichua: siku bamba linapotoboka, hakuna tena kitu cha kulishikilia.

Chuma kina kazi zake. Anayebeba nondo, mashine, vyuma chakavu au mawe, aweke bamba moja kwa moja juu ya krosimemba, bila mbao katikati, ili upande wa chini upate hewa na uweze kupakwa rangi. Na hata kwenye sakafu ya mbao, mita moja ya kwanza kutoka mlangoni inastahili bamba. Hapo ndipo kila toroli hugonga na kila gunia huburutwa. Bamba hilo fupi tulifunge kwa boliti juu ya gundi ya kuziba, ili siku moja liweze kufunguliwa na kutazamwa.

Sasa uzito. Chukua boksi la Fuso Fighter lenye urefu wa mita 6.2 na upana wa mita 2.3, yaani mita za mraba 14.26. Plaiwudi ya milimita 18 itakuwa na uzito wa karibu kilo 170. Bamba la chuma la milimita 3 peke yake ni karibu kilo 340, na vinundu huongeza kidogo. Plaiwudi ya kontena ya milimita 28 ni karibu kilo 320. Tofauti ya kilo 170 kati ya bamba la chuma na plaiwudi ya milimita 18 ni mifuko mitatu ya saruji na zaidi, ambayo gari litaibeba kila safari bila kulipwa. Chini ya sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari, lori la ekseli mbili halipaswi kuzidi tani 18, na mizani ya Lukaya au Magamaga haiulizi kama uzito ni wa sakafu au wa bidhaa.

Alumini hutatua suala la uzito. Bamba lake la milimita 3 kwa boksi hilo hilo ni kilo 115 hivi. Lakini ni ghali, na peke yake halina ugumu wa kuruka kutoka krosimemba moja hadi nyingine, kwa hiyo huhitaji plaiwudi chini yake. Pia alumini ikigusana na chuma mahali penye unyevu na chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Weka utepe wa mpira au rangi nzito popote inapogusana na chuma.

Plaiwudi iliyong'olewa kwenye kontena

Kampala imejaa kontena zilizogeuzwa maduka na maghala, na sakafu zake hung'olewa na kuuzwa. Ni plaiwudi nzuri mno: mbao ngumu, gundi ya kweli, imebanana. Wengi huziweka kwenye malori, nami nimeziweka. Lakini kuna jambo la kusoma kwanza. Mlango wa kontena huwa na kibamba cha chuma cha usalama, na kimojawapo cha vitu vilivyoandikwa hapo ni matibabu ya mbao: jina la dawa na mwaka. Mbao za kontena hutiwa dawa ya kuua wadudu ili zisipeleke wadudu watoboa mbao na mchwa wa nchi moja kwenye bandari ya nchi nyingine.

Kwa anayebeba matairi au simenti, hakuna neno. Kwa anayebeba unga, matoke, mikate au maziwa, nasema hapana, hasa kontena likiwa la zamani. Na kama sakafu imekuja bila kibamba chake, hujui pia kontena lilibeba nini kabla ya kufika hapa. Mbao hunywa kila kinachomwagika juu yake.

Mzigo wako ndio unaoamua

Sasa nirudi kwa hajati wa samaki. Samaki, nyama na maziwa havitaki mbao ya wazi hata kidogo. Tulimwekea plaiwudi, juu yake tukatandika faiba kwa tabaka, na faiba hiyo ikapanda ukutani kiasi cha shubiri moja kwa mviringo, bila kona kali ya kuhifadhi uchafu. Pembeni kuna tundu la kutolea maji lenye kizibo. Asubuhi kijana anapiga maji ya bomba na sabuni, dakika chache sakafu ni safi. Watu wa samaki wanaelewa umuhimu wa jambo hili: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu ya sumu, na viwanda pamoja na wavuvi wakajua gharama ya kutoaminiwa usafi wao.

Chumvi ni habari nyingine. Anayebeba chumvi ya Ziwa Katwe kule Kasese, au mbolea, akae mbali na chuma. Kwake mbao ngumu au plaiwudi iliyozibwa vizuri hudumu kuliko bamba lolote. Kuku hai nao wana kinyesi chenye amonia, kinachopenya kila ungo. Faiba tena, au alumini iliyozibwa.

Mahindi na maharage kwenye magunia ni mzigo mzito ila mpole, kwani uzito umetandaa. Hapo plaiwudi ya milimita 18 haina wasiwasi. Mitungi ya gesi, mapipa na mashine ni mzigo wa nukta. Kama nusu ya safari zako ni hizo, panda hadi milimita 25 au zaidi na ubane krosimemba.

Na kama unapakia kwa foklifti, kama wanavyofanya viwandani Namanve na Nalukolongo, usijenge kwa kukisia. Marekani, ambako matrela ya boksi hupakiwa kwa foklifti kila saa, sakafu nyingi hutengenezwa kwa vipande vya mbao ngumu vilivyounganishwa kwa gundi, kisha upande wa chini hupakwa tabaka la kuzuia maji kiwandani. Wenye uzoefu mkubwa kuliko wetu nao wameanza na upande wa chini.

Kuziba

Hii ndiyo sehemu ambayo mteja hutaka kuipunguza, kwa kuwa haionekani akionyesha gari kwa rafiki zake. Kila ubao upakwe rangi pande zote sita kabla ya kulazwa: juu, chini na kingo nne. Ukingo ndio hunywa maji kuliko uso, kwa hiyo ukingo uliokatwa na msumeno upakwe mara mbili au tatu. Upande wa chini naupaka rangi ya lami.

Kati ya ubao na ubao acha nafasi ya milimita 2 au 3 na uijaze gundi laini ya poliuritheni, ile inayobaki kama mpira. Silikoni ya madirishani huachia mapema na rangi haishiki juu yake. Ungo usiangukie hewani. Uangukie katikati ya krosimemba, kila upande upate pa kukalia. Skrubu iwe ya kuzama, na kichwa chake kizibwe. Pete za kufungia kamba zishike krosimemba kwa boliti, zisishike plaiwudi peke yake, kwa sababu siku ya breki kali plaiwudi itaachia na mzigo utakuja mbele.

Juu ya matairi ongeza bati la zinki au alumini chini ya sakafu, na madigadi zenye mipira mirefu. Eneo hilo hupigwa maji na kokoto kila siku ya mvua, na ndilo ambalo bisibisi yangu hulikuta limelainika kwanza, pamoja na mlangoni na kwenye pembe mbili za mbele.

Usisahau dari. Ingia ndani mchana, fungiwa milango, subiri macho yazoee giza. Kila nyota unayoiona ni tundu la mvua. Kisha mtu apige maji juu na pembeni huku wewe uko ndani na tochi. Jaribio hilo ni bure, na lifanyike kabla ya kununua boksi, kabla ya kubadilisha sakafu, na kila msimu wa mvua unapokaribia.

Ukinunua, ukitunza

Anayenunua lori la boksi lililotumika, asiridhike kutembea juu ya sakafu akirukaruka. Aingie chini na bisibisi. Achome kila baada ya hatua, hasa juu ya matairi na kwenye mlango. Akikuta bamba jipya linalong'aa limefunika sakafu nzima ya gari kuukuu, aombe lifunguliwe kona moja. Muuzaji akikataa, bei ishuke kwa kiasi cha sakafu mpya, au mnunuzi aondoke.

Mwenye gari tayari, amwagize dereva aoshe matope ya chini kila wiki wakati wa mvua, na milango iachwe wazi gari likiegeshwa mahali salama, ili ndani pakauke. Mwaka ukiisha, alipeleke kwa fundi akague maungo na kupaka lami upya. Kazi hiyo ni ya siku moja. Kubadilisha sakafu nzima ni siku kadhaa gari likiwa halifanyi kazi, na kwa boksi la Fighter ni mbao tano kwa hesabu ya karatasi, sita ukihesabu vipande vinavyopotea, bila kuhesabu krosimemba zilizoliwa na kutu.

Nikitakiwa kutoa hukumu kwa mfanyabiashara wa kawaida wa Kampala, ni hii: krosimemba kila sentimita 30, plaiwudi ya milimita 18 yenye gundi ya fenoli na uso wa wavu, bamba la mita moja mlangoni, rangi ya lami chini, poliuritheni kwenye kila ungo. Samaki na nyama, faiba. Vyuma na mawe, bamba la chuma lisilo na mbao chini yake. Na kama pesa haitoshi kwa yote, punguza uzuri wa juu. Chini usipunguze.